Somo Lisilomshinda Mtu

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimegundua siri. Naandika mbio hadi kalamu inanikimbia!

Tumepewa fomu za masomo ya hiari. Mawili tu, na ikishapigwa muhuri, imetoka hiyo. Wenzangu wakaanza ujinga wao papo hapo. Huyu anachukua Jiografia kwa sababu anapenda ramani. Yule Baiolojia kwa sababu anataka kuwa daktari. Kupenda! Kutaka! Tangu lini msahihishaji akakuuliza unapenda nini?

Mimi nikaenda kwenye ubao wa matangazo, pale yalipobandikwa matokeo ya mwaka jana. Nikasimama mapumziko yote. Chai sikunywa. Nikahesabu A za kila somo, nikagawanya kwa watu waliofanya mtihani. Historia: watu mia moja na kumi na mbili, A tatu. Tatu! Hilo si somo, ni shimo. Maarifa ya Nyumbani: watu tisini, A tano. Muziki: mtu mmoja, A moja. Asilimia mia. Hisabati ya Juu: watu wanne, A nne. Asilimia mia!

Nilirudia mara tatu nisije nikawa naota. Somo rahisi kuliko yote shuleni ni Hisabati ya Juu, na watu wamelala. Wameogopa jina.

Mwaka jana Hisabati ya kawaida nilipata thelathini na moja. Sasa nimeelewa kwa nini. Hisabati ya kawaida ni ngumu: watu mia mbili na nne, A sita. Nilikuwa naonewa.

Na jambo lenyewe si mchezo. Shangazi, dada yake Baba, ni muuguzi mji mkubwa, jirani na shule yenye maabara mbili. Ana chumba kimoja cha wageni, kitanda kimoja. Amesema atamchukua msichana mmoja akaishi naye na kusoma huko: yule atakayekuwa na jumla kubwa katika jaribio la kwanza la masomo ya hiari, tarehe kumi na tisa. Wasichana tuko wawili. Mimi, na mtoto wa Baba Mdogo, ambaye tunaishi naye nyumba moja. Watu wazima humwita Sukari. Mimi pia humwita hivyo, kwa sababu nikimwona meno yananiuma.

Atakayebaki atakuwa anashinda dukani kwa Baba, ambaye ni dobi, akipiga pasi. Nimepiga pasi tangu nina miaka tisa. Nayajua makwapa ya mtaa huu wote. Nataka kile kitanda hadi roho inaniuma.

Jumanne, 4 Februari

Hatari! Sukari aliniona jana ubaoni. Kaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikasema kalamu.

Haitoshi kuficha, nikaona. Lazima nimpoteze njia. Nikamwita kwenye kamba za nguo, nikatengeneza sauti ya dada mwema, nikamshauri achukue Historia. Nikamwambia kwa kumbukumbu yake hiyo ataitafuna mbichi. Nikamwongezea Jiografia. Watu mia na arobaini, A nne!

Akanikumbatia. Kumbe alikuwa anazitamani hizo hizo tangu zamani ila aliogopa nitamcheka. Machozi yakamlengalenga. Akaniambia hajawahi kuwa na ndugu kama mimi.

Hilo nalo ni kweli. Nilijificha nyuma ya shuka za nyumba ya wageni nikacheka mpaka mbavu zikauma. Dhamiri ilinigusa kidogo. Nikaiambia isubiri kwanza nifike kwa Shangazi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimerudisha fomu. Mwalimu wa Taaluma aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Akauliza kama fomu ni yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza Hisabati nilipata ngapi. Nikamtajia bila aibu, thelathini na moja. Akauliza kama nyumbani kuna mtu amenilazimisha.

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hakuna, nimepiga hesabu zangu mwenyewe. Akasema hicho ndicho kinachomtia wasiwasi. Akasema pia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaugonga muhuri pwaa!

Nimemwelewa. Anaogopa siri ikivuja watoto wote watajaa huko. Asiwe na wasiwasi, mimi ni kaburi.

Jumatatu, 10 Februari

Kipindi cha kwanza cha Hisabati ya Juu. Kinafanyika stoo, kati ya madawati mabovu, maana darasa zima ni watu wanne: wavulana wawili, msichana mmoja mwenye miwani, na mimi. Hawasalimiani. Wanatikisiana vichwa tu.

Mwalimu ni mzee mwembamba tunayemwita Mwalimu Pole, kwa kuwa hata akikemea utadhani anakuombea dua. Aliponiona, alitoka nje. Nikadhani kaniogopa. Akarudi na boksi jipya la chaki. Akaniuliza kilichonileta. Nikasema nimepiga hesabu. Masikini, ikabidi ageukie ubao kidogo. Akasema miaka kumi na tisa amefundisha somo hili na hajawahi kupewa jibu zuri kama hilo.

Kisha akaanza. Dakika tano za mwanzo kulikuwa na namba. Nilikwenda naye vizuri. Halafu namba zikaondoka moja moja, zikabaki herufi. Halafu zikaja herufi ambazo mimi sijawahi kuziona mahali popote, nyingine imevaa kofia. Mara mvulana mmoja akacheka. Kumbe kulikuwa na mzaha ubaoni! Wenzake wakacheka, Mwalimu naye akacheka. Mimi nikacheka wa mwisho na kwa sauti kuliko wote.

Mwalimu Pole akafurahi kweli, akaniomba niwaeleze wenzangu nilichokiona. Nikasema sipendi kuwaharibia utamu. Akatikisa kichwa akasema ndiyo unyenyekevu huo.

Mambo yanakwenda vizuri sana.

Jumanne, 11 Februari

Muziki. Mwanafunzi ni mimi peke yangu. Kama mwaka jana! Asilimia mia ile ile inanisubiri.

Mwalimu kaniuliza napiga chombo gani. Nikasema niko tayari kwa chochote. Akauliza kama nasoma nota. Nikasema nikipewa nitazisoma. Akakaa chini. Akanisimulia habari za yule mmoja wa mwaka jana: mtoto wa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, anapuliza tangu hajaota meno. Nikauliza kama hilo ni sharti. Akasema si sharti, ila husaidia.

Kanipa filimbi. Nikapuliza. Mwalimu wa darasa la jirani akaja mbio kuuliza nani ameumia.

Mwishowe nimepewa chuma cha pembetatu. Unakigonga, kinalia ting! Basi. Halafu niambiwe eti kuna masomo magumu duniani. Tena pembetatu! Hisabati ndani ya Muziki. Masomo yangu yanasaidiana, jambo ambalo Sukari na ramani zake hatalipata.

Alhamisi, 13 Februari

Balaa. Mwalimu Pole ni mteja wa Baba na sikuwa na habari. Leo kaleta suruali mbili, kamwaga kila kitu. Kamwambia Baba kwamba binti yake yuko Hisabati ya Juu, kwa hiari yake, na ana kipaji adimu cha kunyamaza.

Baba, ambaye kila siku huniimbia kwamba pasi haipumziki juu ya nguo, aliiacha pasi juu ya shati la karani wa benki. Likatoka umbo zima mgongoni. Karani alipokuja, Baba hata hakuomba radhi kwanza. Alianza na habari za binti yake. Karani kafurahi, kasamehe shati, kanipa mkono.

Kufikia saa kumi mtaa mzima unaniita Profesa. Muuza mkaa kaniuliza gunia likipungua robo kila wiki litakwisha lini. Nikamwambia hilo ni la Hisabati ya chini. Baba huniita Kamati, kwa kuwa eti nikiambiwa nioshe vyombo naitisha kikao kwanza. Leo kaniita kwa jina langu kamili, mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama peke yake hakushangilia. Aliniita jikoni akauliza kuna nini ndani ya hilo somo. Nikasema herufi. Akauliza herufi zipi. Nikasema nyingi. Akaendelea kumenya vitunguu, akasema haya mwanangu, njia ya mwongo ni fupi.

Vile vitunguu vilikuwa vikali sana.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwenda nyumbani kwa Mwalimu Pole kumwambia naacha. Hotuba niliikariri njia nzima. Nikamkuta barazani anaandika. Alikuwa ananiandikia mimi! Kurasa ishirini na mbili, kwa mkono, kila mstari umepigwa rula. Akasema alikuwa anafikiria kustaafu, lakini mwanafunzi akija mwenyewe, nguvu zinarudi.

Sasa mtu mwenye moyo utasemaje? Nimerudi na kurasa ishirini na mbili na kipindi cha ziada Jumatatu.

Njiani nikakutana na yule msichana mwenye miwani. Nikamuuliza, kwa kuzunguka, wale wanne wa mwaka jana walipataje A zote. Akashangaa swali lenyewe. Akasema darasa lilianza na watu kumi na sita. Waliolemewa wakaacha mmoja mmoja. Wakabaki wanne, na hao wanne Hisabati ya kawaida hawajawahi kushuka chini ya tisini na tano. Akanitazama kama mtu anayemtazama kuku siku ya sherehe.

Nililitafakari hilo hadi nyumbani. Moyo ulikuwa umeanguka kabisa. Halafu mlangoni, nikivua viatu, nikapata mwanga! Walioacha hawakupata A. Waliobaki wote walipata. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kubaki! Na mimi kwa kubaki sina mpinzani. Nilivyo hapa, hata hiyo kuacha imenishinda.

Nilicheza dansi peke yangu sebuleni. Sukari akanikuta, akacheza na yeye bila kuuliza sababu. Ndiyo tabia yake hiyo.

Jumatano, 19 Februari

Jaribio.

Hisabati ya Juu, swali la kwanza: Onyesha kwamba kitu fulani kinalingana na kitu fulani. Sasa kama wanajua tayari kinalingana, mimi nionyeshe nini? Nikaandika: Ni kweli, nakubaliana. La pili: Thibitisha. Nikaandika: Nathibitisha, nikatia sahihi. La tatu lilikuwa na mchoro. Nikauchora tena vizuri zaidi. Saa nzima iliyobaki nilipamba jina langu.

Nikamaliza wa kwanza. Msichana mwenye miwani alikuwa bado anatoka jasho. Nilimhurumia.

Muziki mchana. Mwalimu anapiga kinanda, mimi nahesabu vipimo thelathini na viwili vya ukimya, kisha nagonga mara moja. Moja tu! Nikahesabu vizuri hadi kumi na tisa. Pale nikaanza kufikiria kitanda cha Shangazi, na shuka nitakazotandika, na kwamba nitazipiga pasi zangu tu, si za mtu mwingine. Nikashtuka, sijui nilikuwa wapi, nikagonga. Mwalimu akafumba macho. Nikagonga tena kusahihisha. Halafu ilipofika zamu yenyewe nikagonga ya tatu, ili haki itendeke.

Milio mitatu badala ya mmoja. Wakiwa na roho nzuri wataongeza alama.

Ijumaa, 21 Februari

Hisabati ya Juu: nne. Si A nne. Nne kati ya mia.

Muziki: kumi na moja.

Sukari: Historia themanini na nane, Jiografia themanini na nne. Ameongoza shule nzima. Hayo masomo nilimchagulia mimi! Kwa mkono wangu, kwa mdomo wangu, kwenye kamba zetu za nguo! Mchimba kisima huingia mwenyewe, wamesema, lakini hawakusema kwamba ataingia huku mwenzake akimshukuru.

Mwalimu Pole hakunikemea. Chini ya karatasi kaandika kwa wino mwekundu: Jina limeandikwa kwa ustadi. Alipokuwa ananipa aliniuliza polepole kama kurasa ishirini na mbili hazikueleweka. Nikasema zilieleweka. Akasema ahaa. Nilitamani anichape.

Nimelia. Siandiki kwamba niliingiwa na sabuni machoni, sabuni haikuwepo. Nilikaa kati ya mashati ya watu nikalia hadi kwikwi. Baba alinikuta. Alikuwa ameshaisikia ile nne. Alichukua shati moja, akalipiga pasi, akachukua la pili. La tatu akanipa mimi.

Jumapili, 23 Februari

Shangazi amekuja asubuhi na basi, bado yuko ndani ya sare nyeupe, maana katoka zamu moja kwa moja. Akatandaza karatasi zetu mezani. Mia sabini na mbili. Kumi na tano. Akaangalia upande wa pili wa ile yangu, labda zingine ziko nyuma.

Akatangaza ni Sukari. Baba Mdogo akapiga vigelegele yeye mwanamume. Na Sukari, badala ya kushangilia kama binadamu, akasimama akasema kwamba sifa zote ni zangu, kwa sababu ni mimi niliyemshauri achukue Historia na Jiografia. Watu wote wakanigeukia. Shangazi akanibusu paji la uso, akasema nina moyo wa dhahabu. Nikapokea. Ningefanyaje? Mama alikohoa muda mrefu.

Nikaona sare ya Shangazi ina doa la bluu kwenye mkono. Akasema ni iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda; kazini sare wameichemsha, wameitia wanga, doa limekuwa bluu, ameikatia tamaa. Nikamwambia lazima liwe bluu! Iodini na wanga hawakai nyumba moja. Unautoa wanga kwanza kwa maji baridi, halafu limau, halafu jua, na sabuni mwisho kabisa. Nikamfanyia, huku nikilia kidogo maana kitanda changu kilikuwa kinaondoka. Saa saba sare ilikuwa nyeupe pee.

Shangazi akaigeuza, akaigeuza tena. Akauliza mtu mwenye kichwa hiki anafanya nini stoo na wale wa herufi. Akasema Maarifa ya Nyumbani nusu yake ni nguo, madoa na vitambaa, na mimi naweza kumfundisha hata mwalimu wake. Akatoa ahadi mbele ya wote: nikipata A moja mwisho wa muhula, ataweka godoro sakafuni, tutabanana. A moja tu! Mwalimu wa Taaluma naye ameshakubali, kwa sababu ya ile nne, nibadilishe somo moja. Baba akasema Maarifa ya Nyumbani. Mama akasema Maarifa ya Nyumbani. Hata karani wa benki, aliyekuja kuchukua suruali, akasema hivyo hivyo.

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Heshima ni bure.

Sukari kaondoka saa tisa. Kanishika shingo hataki kuachia. Kasema atalala upande mmoja tu wa kitanda ili ule mwingine usizoee mtu. Nitamkosa? Hapana. Kidogo. Asubuhi, labda, na wakati wa kula.

Jumatatu, 24 Februari

Mwalimu wa Taaluma kanipa fomu mpya. Tayari alikuwa ameandika Maarifa ya Nyumbani kwa penseli, nimalizie kwa wino tu. Nikamshukuru, nikatoka nayo.

Lakini mimi si mtu wa kusukumwa. Watu tisini, A tano! Hawa wazee wanazungumza kwa mapenzi, hawajafika ubaoni. Na madoa na wanga nani asiyevijua? Kitu ambacho mtu unakijua tayari kitakupaje A? Nikarudi kwenye ubao wa matangazo. Chai sikunywa.

Safari hii nilikuwa makini. Kosa langu nimeliona: nilihesabu waliopata A. Nilipaswa kuhesabu waliofeli! Nikaanza upya kutoka juu. Historia, kumi na tisa wamefeli. Jiografia, ishirini na mmoja. Maarifa ya Nyumbani, saba. Wote hao! Nikashuka, nikashuka, hadi chini kabisa, mahali tangazo la mechi ya mpira lilipofunika karatasi. Nikalifunua.

Elimu ya Nyota. Waliofeli: sifuri.

Nilishika ukuta. Nikafunua karatasi ya mwaka wa nyuma yake, iliyobandikwa chini. Sifuri. Mwaka mwingine. Sifuri! Tangu shule hii ijengwe, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kufeli Elimu ya Nyota! Kwenye safu ya watahiniwa nako wameandika sifuri, lakini hiyo ni kwa sababu watu hawajui kutafuta.

Nimefuta penseli. Nimeandika kwa wino. Mwalimu wa Taaluma alivua miwani na safari hii hakuivaa tena. Akasema somo hilo halina kitabu, halina chumba, na mwalimu wake hajawahi kuajiriwa.

Nikakaribia kumkumbatia. Hakuna hata mwalimu! Sasa sifuri nitapewa na nani? Nimemwandikia Shangazi aanze kutafuta godoro.